Mama Herufi na Mikono ya Mkalimani

Watoto wameniomba niandike maisha ya mama yao wakati kumbukumbu zangu bado hazijachanganyika. Nimekaa mezani mara kadhaa nikashindwa, maana kila nikiandika "marehemu" kalamu inagoma. Basi nimeamua kuandika "mke wangu", kama nilivyozoea kumwita. Siwezi kuyaandika yote. Nitasema alikuwa mtu wa namna gani, kisha nitasimulia siku moja, kwa sababu siku ile nilimwona alivyo kuliko siku nyingine zote Mungu alizotujalia pamoja.

Mke wangu alikuwa mpiga taipu. Hivyo ndivyo alivyojitambulisha mpaka mwisho, hata baada ya mashine za taipu kugeuka kuwa vyuma vya kuzuia milango isijifunge. Alifanya kazi katika ofisi ya ardhi tangu usichana wake, na kompyuta zilipoletwa, wenzake wengi waliomba kuhamishiwa masjala. Yeye alivuta kiti akakaa mbele ya ile mpya, akaiambia, "Haya, tufahamiane." Alistaafu akiwa anaijua vizuri, pamoja na ukaidi wake.

Kanisa letu liliponunua projekta ya kuonyeshea nyimbo ukutani, vijana waliopewa kazi hiyo waliandika tenzi kwa makosa mpaka aibu. Mke wangu alivumilia kwa muda, kisha siku moja akapanda ngazi za kibanda cha mitambo kule nyuma ya ukumbi na hakushuka tena. Mimi nilikuwa huko tayari. Mimi ni fundi redio, na kwa miaka yote hiyo nimesimamia vipaza sauti. Kwa hiyo tukawa wawili mle ndani: mimi sauti, yeye picha. Alikuwa akinitania mbele ya watu, "Mume wangu kazi yake ni kusikia. Ajabu yake nyumbani hasikii."

Jina la Mama Herufi alipewa na bibi zetu wa mabenchi ya mbele. Walilalamika kwamba maneno ya nyimbo ukutani ni madogo kama chawa. Yeye, ambaye naye macho yalikuwa yameanza kumsaliti, aliingia kwenye mipangilio ya kompyuta akaiamuru ikuze kila kitu mara mbili, asilimia mia mbili, na ikabaki hivyo. Jumapili iliyofuata bibi mmoja alisimama katikati ya ibada akasema, "Bwana apewe sifa, leo nimesoma mwenyewe!" Mke wangu alilia kibandani. Alikuwa na machozi ya karibu, lakini uamuzi wake ulikuwa mgumu kama msumari.

Sasa niisimulie siku yenyewe.

Alikuja kwetu binti mmoja kiziwi, mpiga pasi katika duka la dobi. Alikuja na mchumba wake, seremala, ambaye alikuwa anasikia kama mimi na wewe. Kijana huyo alikwenda pale dobi kutengeneza meza za kupigia pasi, meza zikaisha, yeye akaendelea kwenda. Akajifunza lugha ya alama kwa binti mwenyewe. Walikuwa wamebakiza wiki moja wafunge ndoa.

Binti aliongea kwa mikono, na seremala akatutafsiria. Alisema alibatizwa huku kichwa chake kikitikiswa na wengine. Alipokewa kanisani kwa kuitikiwa na watu wengine. Hata kazi ya dobi, baba yake mdogo aliyemlea ndiye aliyeulizwa kama anaitaka, naye akamjibia. Mikono yake ikasimama kidogo hewani, kisha akamalizia. Seremala alitafsiri akiangalia chini:

"Anasema, siku ya ndoa anataka aulizwe yeye. Aone swali, alielewe, ajibu mwenyewe."

Mke wangu alimwuliza kama anaweza kuandikiwa maswali kwenye karatasi. Binti akatabasamu, akatikisa mkono. Alisoma madarasa machache, katika shule ambako mwalimu aliongea akiwa ameelekea ubaoni. Alijua kusoma jina lake na namba za nguo za wateja. Maneno ya kiapo cha kanisani yangekuwa kwake kama michirizi tu.

"Na wewe mchumba, si utamtafsiria?" nikauliza.

"Mchungaji amekataa," seremala akasema. "Amesema bwana harusi hawezi kuwa mkalimani wa swali linalomhusu mwenyewe. Anaweza kujipendelea."

Tukacheka. Lakini Mchungaji alikuwa sahihi, na alishasema neno lingine zito zaidi: hatafungisha ndoa ya mtu ambaye hakuulizwa. Alikuwapo mkalimani wa kweli, mwalimu wa shule ya viziwi katika mji mwingine, mwanamke ambaye binti alimwamini. Bahati mbaya alikuwa amevunjika mguu, yuko nyumbani na plasta mpaka juu ya goti. Asingeweza kusafiri. Ndipo mke wangu alipopiga meza kidogo kwa vidole, kama vile anatafuta funguo za taipu.

"Tutamleta ukutani," akasema.

Mpango wake ulikuwa huu. Mkalimani angepiga simu ya video kwa intaneti. Kompyuta yetu ingeipokea kwenye kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, na programu yetu ya nyimbo ingelichukua dirisha la kivinjari na kulirusha ukutani. Kamera yetu ingemwonyesha mkalimani madhabahu, naye angesikia kila neno la Mchungaji kupitia vipaza sauti vyangu. Simu za mkononi zisingefaa, kwa sababu ndani ya ukumbi ule hazishiki mtandao kabisa. Intaneti yetu inakuja kibandani kwa waya.

Ijumaa tukajaribu. Uso wa mkalimani ukatokea ukutani, mkubwa, unang'aa. Akasema, "Bwana asifiwe!" Sauti ikatoka safi. Nikamwonyesha mke wangu dole gumba. Shemasi aliyekuwa anapanga viti chini naye akainua dole gumba. Sote tukarudi nyumbani tumeridhika. Tulijaribu kama wanavyojaribu watu wanaosikia: tumeona uso, tumesikia sauti, yamekwisha.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Binti aliingia ameshikwa mkono na baba yake mdogo, mzee mrefu mwenye suti iliyombana mabegani, mtu mwema ambaye alikuwa anatoka jasho kana kwamba ndiye anayeolewa. Mkalimani akatokea ukutani, kichwa na mabega, mpaka kwenye kifungo cha pili cha blauzi. Akasalimu. Watu wakaitikia, "Amina!" Nikapunguza mwangwi kidogo, nikaegemea kiti.

Mchungaji alianza na bwana harusi. Akamwuliza kama anamchukua binti huyu kuwa mke wake, kwa hiari yake, katika raha na taabu, mpaka kifo. Seremala akajibu kwa sauti, "Nakubali." Vigelegele vikapasuka. Binti muda wote huo alikuwa anamtazama mchumba wake, anatabasamu.

Kisha Mchungaji akamgeukia yeye. Akauliza swali lile lile. Binti akainua macho ukutani. Mchungaji akadhani hakuwa tayari, akarudia polepole. Binti akaendelea kutazama ukuta, tabasamu likimtoka usoni kidogo kidogo kama maji yanavyokauka kwenye saruji. Halafu akatikisa kichwa. Kulia, kushoto.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi.

"Amekataa!" mtu akasema kwa sauti ya juu.

"Hajaelewa!" Baba mdogo aliruka kutoka kwenye benchi. "Hajaelewa huyu! Itikia, mwanangu! Hivi, hivi!" Akawa anatikisa kichwa chake juu chini mbele yake, suti inampasuka.

Binti akarudi nyuma hatua moja. Akainua mikono yake miwili, akaionyesha ukumbi. Kisha akaweka ubapa wa kiganja kimoja kifuani, akaupitisha kama kisu.

"Anasema afadhali auawe," bibi mmoja wa mbele akatafsiri.

"Nyamaza, bibi!"

Mke wangu alikuwa amesimama. Aliangalia skrini ya kompyuta yake, akaangalia ukuta, akaangalia tena skrini. Kwenye skrini yake mkalimani alikuwa mzima, mikono inacheza. Ukutani alikatika kifuani.

"Mungu wangu," akasema. "Hana mikono."

"Nani?"

"Mkalimani! Sisi tunasikia, tunaangalia uso tu. Yule mtoto anaangalia mikono, na mikono haipo!"

Alichukua maikrofoni yangu ya akiba, ile inayosikika kwa Mchungaji na kwa mkalimani. "Mchungaji, tupe muda. Hajakataa. Haoni mikono." Kisha, "Dada mkalimani, rudi nyuma kidogo."

"Nimefika ukutani, mama," mkalimani akajibu, sauti ikatoka kwenye vipaza vyote. "Kitanda changu kimegusa ukuta na mguu huu haukunjiki. Tena mama, fanya haraka. Huku umeme umekatika tangu asubuhi, na betri ya simu yangu imeingia kwenye nyekundu."

Sasa hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu. Hakuna aliyeweza kuisoma isipokuwa mkalimani, na hata yeye alikuwa anakisia, kwani simu yake ilikuwa na tabia ya kuzimika yenyewe kabla ya kufika sifuri.

Mke wangu alinieleza bila kunitazama, vidole tayari viko kazini. Alikuwa ameiamuru kompyuta ikuze kila kitu mara mbili. Kivinjari kilitii, kikakua. Programu ya nyimbo ilipokwenda kulichukua lile dirisha, ilikata kwa kipimo cha zamani, kama fundi nguo anayekata kitambaa cha mtu mzima kwa vipimo vya mtoto. Ikapata kichwa na mabega, ikaacha mengine chini.

"Ni yale maandishi ya bibi," nikasema.

"Ni yale maandishi yangu," akanijibu, akaingia kwenye mipangilio na kurudisha mia.

Skrini ikazimika. Ukuta ukazimika. Kisha kompyuta ikarudi, maandishi yake yamekuwa madogo hivi kwamba mke wangu alilazimika kuinama mpaka pua ikakaribia kioo. Tukatazama ukuta. Palikuwa na mstatili mweusi tii, hauna kichwa wala mikono.

"Mnaniona?" sauti ya mkalimani ikauliza kutoka kwenye ule weusi.

"Tunakusikia!" ukumbi ukajibu kwa furaha.

Binti alikuwa amesimama anautazama ule weusi. Hakujua kuna sauti. Kwake dunia nzima ilikuwa imezimwa, na watu wanachekelea.

Ngazi za kibanda zikalia. Baba mdogo alikuwa amepanda, anahema, kitambaa cha jasho mkononi.

"Mama, nakuomba. Sauti si ipo? Mchungaji aulize, huyo mwalimu aseme, mimi nitamtikisia kichwa, ataitikia. Watu wanacheka. Mtoto anaaibika pale mbele."

"Anayeaibika ni nani, baba?" mke wangu akasema, macho kwenye skrini.

"Tangu akiwa mdogo mimi ndiye mdomo wake. Sijawahi kumjibia vibaya hata mara moja."

"Naamini. Lakini leo hajaja na mdomo wako. Kaja na macho yake. Shika hapo kwenye ukingo usije ukaanguka, na uniache nifikiri."

Yule mzee akashika ukingo. Nilimwonea huruma, maana sauti yake ilikuwa imekatika katikati.

Mke wangu alinyoosha kidole. "Tazama. Kwangu hapa picha ipo, inatembea. Ukutani nyeusi. Sauti inafika. Kwa hiyo intaneti haina kosa, mkalimani hana kosa. Ni kivinjari. Kinaipa kadi ya picha ndani ya kompyuta kazi ya kuchora hii video, na kadi inaichora moja kwa moja kwenye kioo changu. Programu ya nyimbo ikija kuchukua, inakuta fremu tupu. Niliwahi kuliona hili ofisi ya ardhi, kwa kijana mmoja mchora ramani."

"Basi kizuie kisitumie hiyo kadi."

"Nitakizuia. Lakini hakisikii mpaka kifungwe na kufunguliwa upya. Nikikifunga, simu inakatika."

Tukaangaliana. Simu ikikatika, mkalimani angepaswa kuunganishwa upya, na simu yake inapumua pumzi za mwisho. Tusipoikata, tutabaki na sauti ambayo haimfai mtu mmoja tu katika ukumbi ule, na mtu huyo ndiye mwenye siku yake. Chini, shemasi alikuwa amemkaribia Mchungaji anamnong'oneza. Nilimwona Mchungaji akitazama saa ya ukutani. Nilimjua vizuri. Angeahirisha. Angesema tuombe, turudi siku nyingine mkalimani akipona. Na binti angerudi nyumbani na gauni lake, akiwa mtu ambaye mbele ya kanisa zima alitikisa kichwa kukataa, na asingeelewa hata moja ya maneno ambayo watu wangesema juu yake njiani.

Mke wangu aliweka kiganja juu ya meza. Aliomba, najua, kwa sababu midomo yake ilikuwa inafanya hivyo kila mara kabla ya kuwasha mitambo. Ilikuwa sala fupi mno. Kisha akachukua maikrofoni.

"Dada mkalimani, nisikilize. Nitakukata."

"Mama, nikikatika sina uhakika..."

"Nami sina. Usizime simu. Punguza mwanga wa kioo mpaka mwisho, usiguse kitu kingine. Nikirudi utaona ombi langu, likubali tu. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Mungu atusaidie."

Akaenda kwenye mipangilio ya kivinjari. Hapo akakwama. Maandishi yalikuwa madogo, na macho yake hayakuweza.

"Nisomee," akaniambia.

Niliinama begani kwake nikasoma kwa sauti. Lugha. Hapana. Faragha. Hapana, shuka. Vipakuliwa. Shuka. Mfumo. "Hapo! Soma yote." Nikasoma: tumia kadi ya picha inapowezekana. Akazima kile kiswichi kidogo, na kitufe kikatokea kuuliza kama kivinjari kianze upya. Kidole chake kilisita juu ya kipanya kwa kitambo, akabonyeza.

Sauti ya mkalimani ikakatika. Mlio mdogo, kisha kimya. Mimi niliyeishi kwa kusikia sijawahi kusikia kimya kama kile.

Kivinjari kikafunguka. Kikauliza kama kinaruhusiwa kutumia kamera. Ndiyo. Kama kinaruhusiwa kutumia maikrofoni. Ndiyo, ndiyo, wewe nawe! Akatuma ombi kwa mkalimani. Duara dogo likaanza kuzunguka.

Lilizunguka. Chini watu walikuwa wameanza minong'ono. Mwalimu wa kwaya aliinua mkono kuuliza kama waimbe, Mchungaji akamkatalia kwa kichwa. Mpambe wa bwana harusi alimfuta seremala shingo, akamwambia kwa sauti ambayo maikrofoni ya madhabahu iliinasa, "Kaka, jasho hili tukikinga ndoo tunamwagilia bustani."

Duara bado linazunguka.

"Imezimika," baba mdogo akasema nyuma yetu. "Simu ya yule mwalimu imezimika. Mama, tuseme ukweli."

"Bado."

"Mama..."

"Bado, nimesema!"

Nilikuwa sijamsikia mke wangu akimpandishia sauti mtu mzima tangu tuoane. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Nami niliomba. Nilimwambia Mungu, hatukuombi muujiza, tunaomba betri tu.

Duara likasimama. Skrini ikawa kijivu. Kisha picha ikaja, kwa giza giza, ikatulia.

Tuligeukia ukuta kwa pamoja, sisi watatu.

Mkalimani alikuwepo. Alikuwa mdogo kuliko mwanzo, katikati ya ukuta mkubwa, ameketi kitandani mwake. Lakini alikuwa mzima, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka plasta nyeupe ya mguu. Na kifuani kwake ilikuwa imeinuliwa mikono miwili, vidole vimefunguka, inasubiri.

Binti aliinua kiganja chake juu. Ile mikono ukutani ikamjibu. Mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza niligundua yalikuwa yamepanda kiasi gani.

Mchungaji hakupoteza muda. Akauliza swali. Mikono ya mkalimani ikaanza kutembea, na ukumbi wote, ambao sasa haukuwa na la kusikiliza zaidi ya Mchungaji, ukaitazama. Binti aliisoma mpaka mwisho. Hakuitikia. Aliinua mikono yake akasema kitu, kifupi. Sauti ya mkalimani ikatoka kwenye vipaza:

"Anauliza: na yeye ameulizwa hivi hivi?"

Vicheko vikatokea hapa na pale. Mchungaji akatabasamu. "Mwambie ameulizwa, na amekubali."

Mikono ikaenda, mikono ikarudi.

"Anasema: mimi sikuona."

Mama wa bwana harusi alishindwa kujizuia. "Jamani, mwanangu ameshakubali mbele ya watu. Akubali mara ngapi?"

"Niulizwe tena, mama," seremala akasema. "Hata mpaka jioni."

Kibandani mke wangu alikuwa anauma kidole. Alijua yanayopita kwenye simu ile huko mbali, cheche kwa cheche. Angeweza kusema kwenye maikrofoni, betri inakwisha, tufupishe. Maikrofoni alikuwa nayo mkononi. Niliona ameikandamiza kifuani, mdomo wake chini, asije akaifungua kwa bahati mbaya.

Mchungaji aliuliza lote, neno kwa neno, bila kuruka. Raha. Taabu. Ugonjwa. Mpaka kifo. Mkalimani alitafsiri lote. Seremala safari hii hakutumia sauti kabisa. Alimgeukia binti akamjibu kwa mikono. Binti alitazama, akatikisa kichwa kwamba ameona.

Kisha Mchungaji akamwuliza yeye kwa mara nyingine. Binti akatazama ukuta, akasoma mpaka mwisho, akashusha macho kwa mchumba wake. Akajibu. Ilikuwa ishara moja, na baada yake nyingine.

"Anasema..." mkalimani akaanza.

Ukuta ukawa mweusi. Kimya kikaingia kwenye vipaza.

Hapo ndipo tulipogeuzwa. Ukumbi mzima wa watu wenye masikio ulikaa pale, na hakuna aliyejua kilichosemwa. Binti alikuwa amemaliza. Alikuwa anamtazama mchumba wake, ametulia, kazi yake imekwisha. Sisi tulikuwa tunatazama ukuta, tukingoja kuambiwa. Seremala alijua, lakini alikumbuka amri ya Mchungaji, akabana midomo, uso wake unawaka kama taa.

Baba mdogo alijua pia. Alizijua alama za mtoto wake tangu utotoni. Alivuta pumzi, akafungua kinywa juu ya ukingo wa kibanda. Mke wangu alimshika mkono juu ya kiwiko.

"Mwache," akasema taratibu. "Ataona kwamba hatujaelewa."

Na binti aliona. Alitugeukia, akapitisha macho kwenye mabenchi, watu wote wametoa macho kama wanafunzi waliokosa somo. Nadhani lilimchekesha, maana nilimwona akijizuia. Akaachia mkono wa mchumba wake, akasogea mbele hatua moja, akarudia jibu lake polepole, kwa ishara kubwa kubwa, kama mtu anayezungumza na wageni. Kisha, kwa ajili yetu tusiojua, akatikisa kichwa. Juu, chini. Juu, chini. Mwenyewe.

"Nimeelewa, binti," Mchungaji akasema, akanyoosha mkono kupokea pete.

Sitaeleza vigelegele. Mke wangu hakuvijali hata hivyo. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu ya kibanda, kichwa katikati ya magoti, analia kama mtoto aliyepotea sokoni. Alikuwa anasema neno moja tu: "Hakunihitaji. Hakunihitaji." Mke wangu aliacha kompyuta ikiwa wazi vile vile, akaenda akaketi kando yake kwenye ngazi ile nyembamba, bega kwa bega. Sikusikia alichomwambia. Nilisikia tu yule mzee akijibu mara kwa mara, "Ndiyo, mama. Ndiyo."

Mwalimu wa kwaya akaniinulia mkono kutaka wimbo. Nilimwita mke wangu. Bila kugeuka akanipungia kiganja, nifanye mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti chake, nikashika kipanya, nikabonyeza. Kumbe nilikuwa nimeweka wimbo wa mazishi, na watu wakauimba wote kwa furaha.